Kiboksi Chekundu: Ubishi wa Jumapili Moja Temeke Kuhusu Mwisho wa Crash

Ubishi ulianza kabla majina ya waigizaji hayajamaliza kupanda kwenye kioo. Mjomba alikuwa amevua miwani, anajifuta macho kwa pindo la kanzu. "Yule ni malaika," akasema. "Mungu akitaka kukuepusha na damu ya mtu hashindwi." Binamu yangu, bintiye wa mwisho, akamjibu taratibu kwamba malaika hayupo pale, mtoto alivaa fulana ya kuzuia risasi, si DJ mwenyewe kasema? Kaka, ambaye muda wote alikuwa jicho moja kwenye luninga na jingine kwenye simu, akasema filamu haina mwisho na wala haina steringi, tumepoteza karibu saa mbili bure.

Tulikuwa sebuleni kwa Mjomba, Temeke. Filamu ilikuwa imejazwa kwenye flashi mtaani, nakala iliyotafsiriwa, ile ambayo sauti ya DJ inapanda juu ya sauti za waigizaji na kukusimulia kila kinachotokea. Mimi nilikuwa nimeshaiona zamani kwa sauti yake ya asili, kwa hiyo nilijua kwamba wote watatu wamekosea, na nilijua pia waliposhindwa kuona. Nikaomba flashi, nikarudisha nyuma. Yaliyofuata ndiyo yananifanya niandike.

Kwanza filamu yenyewe, kwa asiyeijua. Ni Crash ya Paul Haggis, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na kuingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwaka 2005. Isichanganywe na ile ya 1996 yenye jina hilohilo. Machi 2006 ilichukua Oscar tatu: ya filamu bora, ya uandishi, ambayo Haggis aligawana na Bobby Moresco, na ya uhariri. Haggis amewahi kueleza kwamba mbegu ya hadithi ni yeye mwenyewe kunyang'anywa gari kwa bastola huko Los Angeles mwaka 1991. Ndani mna watu zaidi ya kumi na wawili: mpelelezi, mwendesha mashtaka na mkewe, askari wawili wa doria, vijana wawili wezi wa magari, mtengeneza vipindi vya televisheni na mkewe, fundi wa vitasa, mwenye duka. Hawajuani. Katika muda wa siku mbili hivi wanagongana, kwa magari na kwa maneno.

Lalamiko la kaka kuhusu steringi nalielewa. Sisi tuliolelewa kwenye vibanda umiza tulifundishwa kutazama filamu kwa swali moja: steringi nani? Ukishamjua, umejua nani hafi, na ukijua nani hafi unaweza kukaa kwenye benchi ukala karanga zako kwa amani. Crash inakunyima hiyo amani. Kila mtu ni steringi kwa dakika kumi, kisha anakuwa adui wa mtu mwingine. Kwa hiyo ukitafuta mwisho wa mtu mmoja hutaupata. Lakini ukichukua kisa kimoja ukakifuata hadi tone la mwisho, vingine vinafunguka. Kisa ninachokichukua ni cha mwenye duka.

Anaitwa Farhad. Ni Mwajemi, mhamiaji, ana duka dogo, na amekwishachoka kuonewa. Anakwenda na binti yake Dorri, ambaye ni daktari, kununua bastola ya kulinda duka. Muuzaji anamtukana, anamwita kwa jina la gaidi, wanamtoa nje. Dorri anabaki dukani peke yake na hasira yake. Bastola imeshalipiwa. Muuzaji anamuuliza anataka risasi za aina gani, maana ziko nyingi. Dorri anatazama rafu, anasema anataka zile za kwenye kiboksi chekundu. Muuzaji anamuuliza kama anajua ni risasi gani hizo. Dorri anasisitiza apewe hizohizo. Tukio hilo ni fupi, na liko karibu kabisa na mwanzo.

Baadaye kitasa cha mlango wa nyuma wa duka kinaharibika. Fundi anayeitwa Daniel anakuja, anabadilisha kitasa, halafu anasema ukweli ambao kila fundi wa Dar amewahi kumwambia mteja asiyetaka kusikia: kitasa nimebadilisha, lakini mlango ndio mbovu, mlango huu utafute mwingine. Kiingereza cha Farhad ni cha kuungaunga. Anachosikia ni kwamba fundi huyu anataka kumla hela. Wanapigiana kelele. Daniel anaikunja karatasi ya malipo, anaitupa kwenye taka, anaondoka bila kulipwa hata senti. Usiku duka linavunjwa, linaharibiwa lote, ukutani wameandika matusi dhidi ya Waarabu. Mke wa Farhad anauliza tangu lini Mwajemi akawa Mwarabu. (Huku pwani, ambako kila mtu anakujulisha kama babu zake ni Washirazi au wametoka Hadhramaut, swali hilo halihitaji kutafsiriwa.) Bima inakataa kulipa kwa sababu alishaambiwa abadilishe mlango akapuuza. Farhad anaokota ile karatasi kwenye taka, inampa jina la fundi, anamfuata hadi nyumbani kwake na bastola mkononi.

Sasa kuna upande wa Daniel. Ana binti wa miaka mitano, Lara. Mtaa waliokuwa wakiishi zamani risasi iliwahi kupita dirishani, na mtoto bado analala chini ya kitanda kwa woga. Usiku mmoja Daniel anajilaza sakafuni karibu naye, anamhadithia kwamba yeye alipokuwa na miaka mitano alipewa joho lisiloonekana, hakuna kinachoweza kulipenya, na kwamba aliambiwa binti yake akifika miaka mitano ampe. Anajifanya analivua, anamfunga mtoto shingoni. Mtoto analala kitandani.

Kwa hiyo Farhad anapomnyooshea Daniel bastola nje ya nyumba akidai fedha zake, Lara anaona kupitia dirishani na anafikiri jambo moja tu: joho ninalo mimi, baba hana. Anatoka mbio, anamrukia baba yake. Bastola inalia. Daniel anafumbua mdomo na sauti haitoki. Kisha anampapasa mtoto mgongoni, hakuna damu, hakuna tundu. Mtoto anamwambia baba asiogope, joho ni zuri.

Nakala ya DJ ilivurugika hapo. Joho lisiloonekana yeye alilifanya "fulana isiyopenya risasi". Simlaumu sana. Kazi yake ni kujaza masikio ya watu, anatafsiri huku filamu inakwenda, na neno la hadithi ya mtoto limempita kama lilivyo. Ila tokeo lake lilikuwa kubwa: binamu yangu alitazama tukio zima akiamini baba amemnunulia mtoto vazi la kiaskari, akashangaa tu kwa nini halionekani chini ya gauni.

Pengo kubwa zaidi liko mbele kidogo. Farhad amerudi dukani, ameketi. Anamkabidhi Dorri bastola na kumwambia kwamba amempiga risasi mtoto mdogo na mtoto hakufa, kwamba yule alikuwa malaika wake, ametumwa kumlinda. Dorri anamtuliza. Kisha kamera inatuonyesha kile kiboksi chekundu, na hakuna anayesema lolote. Kimya cha sekunde chache. Kwenye nakala yetu DJ aliutumia ukimya huo kusalimia watu wa Mbagala na Gongo la Mboto na kutangaza namba yake ya simu. Ni desturi ya kazi yao, kimya ni adui yao. Lakini Haggis alikuwa ameweka jibu lote hapo, pasipo neno.

Risasi zilizokuwa kwenye kiboksi hazina kichwa. Zina baruti, zinalia kama risasi za moto, lakini kinachotoka kwenye mtutu ni moto na gesi tu. Hutumika kwenye maigizo na kwenye mazoezi. Dorri alizichagua kwa makusudi. Alimjua baba yake, aliijua hasira yake, na siku ile dukani, huku akitukanwa, akapata sekunde tatu za kufikiri nini kitatokea siku baba atakapoishika silaha ile akiwa na uchungu. Akanunua kelele tupu.

Binamu yangu alipoona nilivyosimamisha picha kwenye kiboksi akapiga ukelele mdogo, "Kumbe!", akaanza kurudisha mwenyewe hadi kwenye duka la bunduki. Kaka akaweka simu chini. Mjomba hakusema kitu. Akauliza tu, baada ya muda: "Sasa mbona binti hamwambii baba yake?"

Swali hilo ndilo mwisho wa filamu, na sidhani watu wengi wanaoichambua wanalipa uzito wake. Wanasema Crash inaisha kwa upatanisho, kwamba watu walioishi kwa chuki wamejifunza kupendana. Ukiangalia vizuri, karibu kila kisa kinaisha na mtu mmoja anayejua jambo na kulifunga mdomoni. Dorri anajua muujiza umetengenezwa kwa mkono wake. Akimwambia baba, atakuwa amemwambia mambo mawili: kwamba hakukuwa na malaika, na kwamba mimi mwanao nilijua ungeweza kuua. La pili ndilo zito. Ananyamaza, na baba anabaki mtu mpya kwa sababu ya jambo ambalo halikutokea.

Sasa mtazame mpelelezi, Graham, anayeigizwa na Don Cheadle. Mama yake ni mgonjwa wa dawa za kulevya, hana macho ila kwa mwanawe mdogo, Peter, aliyepotelea kwenye wizi. Graham anakuta jokofu la mama halina kitu cha maana. Anarudi kimyakimya mama akiwa amelala, anampangia vyakula, anaondoka. Mwishoni Peter ameuawa, na kule mochwari mama anamwambia Graham kwamba yeye ndiye amemuua mdogo wake kwa kutomtafuta. Kisha anaongeza kwamba jambo la mwisho alilolifanya mwanawe mdogo ni kuja nyumbani akiwa amelala na kumletea vyakula. Graham anaweza kusema sentensi moja tu, "Mama, ni mimi." Hasemi. Anameza.

Ukiweka matukio hayo mawili pamoja unaona ni kisa kilekile kimegeuzwa nje ndani. Mtoto aliyefanya jema kwa siri, mzazi anayempa sifa mwingine: mmoja anampa malaika, mwingine anampa marehemu. Ila ukimya wa Dorri unampa baba usingizi, na ukimya wa Graham unambakisha yeye bila mama. Huyu huyu Graham, kumbuka, siku hiyohiyo alikubali kufunika ushahidi katika kesi ya askari mmoja ili faili la makosa ya Peter lisimfikishe mdogo wake gerezani. Aliuza alichokuwa nacho kumnunulia ndugu aliyekuwa anakaribia kufa. Mimi hiyo ndiyo sehemu inayonikaba koo kila mara, kuliko hata ya mtoto.

Na Peter alikufaje? Alikuwa barabarani usiku anaomba lifti. Askari kijana, Hansen, ambaye tangu mwanzo ndiye tunayemwona mwema, aliyemkataa mwenzake mbaguzi na kuomba abadilishiwe, aliyezuia wenzake wasimpige risasi mtu mweusi mchana wa siku hiyo, anasimama anampakia. Wanaongea. Peter anaona kisanamu kwenye dashibodi, Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, anacheka kwa sababu na yeye anacho kama hicho mfukoni. Hansen anafikiri anachekwa. Maneno yanapanda. Peter anaingiza mkono mfukoni atoe kisanamu amwonyeshe, Hansen anafyatua. Mkono wa marehemu unafunguka, mna kisanamu kilekile. Hansen anamtupa pembeni ya barabara na kulichoma gari.

Tuliotazama tunaojua daladala zilivyojaa tasbihi, rozari na maandishi ya dua juu ya kioo cha dereva tulielewa mara moja kwa nini kijana alicheka. Ni kicheko cha kumtambua mwenzako.

Mtu akiniuliza Crash inasema nini, nampeleka kwenye mkutano wa matukio haya mawili, la Farhad na la Hansen. Farhad alikwenda kwa nia mbaya, akarudi mikono misafi. Hansen alisimama kwa nia njema, akaua. Ukipima mioyo yao, Hansen anashinda kwa mbali. Tofauti ilikuwa kiboksi. Kwa Farhad kulikuwa na mtu aliyempenda na bado hakumwamini, akachukua tahadhari mapema. Hansen alijiamini mwenyewe, na kila mtu alimwamini. Onyo alikuwa nalo: yule mwenzake mbaguzi, Ryan, alimwambia kwamba anadhani anajijua, na hana habari. Huwa tunalisikia neno hilo kama kujitetea kwa mtu mbaya. Filamu inamfanya mtu mbaya awe sahihi kwa sentensi moja, na ni uamuzi mgumu kuumeza.

Kuhusu theluji nitapita haraka. Inaanguka Los Angeles, mji usiojua theluji, na inaanguka juu ya wote bila kuuliza nani ni nani. Kaka alidhani ni majivu, na hakuwa mbali: inamkuta Cameron, yule mtengeneza vipindi, akiwa kando ya gari la Hansen linaloungua, anampigia mkewe simu kumwambia anampenda. Usiku huohuo Anthony, mwizi mwenzake Peter, anakuta gari alilokwapua limejaa watu waliofungwa minyororo, anakataa kuwauza kwa dola 500 kila kichwa, anawafungulia mlango mtaani kwa Wachina na kumwachia mmoja wao dola 40 wakale. Anaondoka akitabasamu. Nyuma yake magari mawili yanagongana, mama mmoja anashuka na kuanza kumfokea mwenzake kwamba asimsemeshe kama hajui lugha ya Marekani. Mama huyo tulishamwona ofisini akimgomea Ryan kuhusu matibabu ya baba yake, kwa haki kabisa. Ndiyo picha ya mwisho. Kamera inapaa, mji unaendelea.

Nina mashaka yangu na mwisho huo. Wale watu kwenye gari hawana majina, wapo ili Anthony apate nafasi ya kuwa mwema. Mke wa mwendesha mashtaka anaanguka ngazi, anamkumbatia mfanyakazi wake wa ndani Maria na kumwambia ndiye rafiki yake wa kweli. Wala hatuulizwi Maria anaonaje. Kila aliyewahi kufanya kazi za ndani Mikocheni au Masaki angekuwa na la kusema kuhusu kukumbatiwa kwa namna hiyo. Na Ryan, aliyemdhalilisha mke wa Cameron mbele ya mumewe barabarani, anapewa nafasi ya kumwokoa mama huyohuyo kwenye gari linalotaka kulipuka, kana kwamba deni limefutika. Mimi silifuti.

Halafu kuna lile neno la mwanzo kabisa, Graham akiwa ndani ya gari lililogongwa, anaposema kwamba katika mji ule hakuna anayekugusa, watu wako nyuma ya chuma na kioo, na pengine wanagongana ili tu wahisi kitu. Binamu yangu alicheka. Anapanda daladala kila asubuhi kwenda kazini. "Mimi naguswa tangu Mtongani hadi Posta," akasema, "mabega, mbavu, kwapa la mtu usoni." Ana haki. Dar haina njaa ya kuguswa. Lakini nilimuuliza kama anamjua hata mmoja wa waliombana wiki hiyo, akakaa kimya. Anthony mwenyewe, mwizi, alikuwa akichukia mabasi, akidai madirisha yake makubwa yamewekwa ili waliomo waaibike. Siku anayolazimika kupanda basi ndiyo siku anayoliona lile gari la watu waliofungwa.

Namrudia Mjomba. Ana duka la vyombo Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, kwa zaidi ya miaka ishirini. Wakati fulani nikiwa bado shule walimvunjia, wakaondoka na mzigo mpya wote. Geti halikuwa limekatwa, lilifunguliwa. Akamshuku fundi aliyemtengenezea komeo mwezi uliotangulia. Mama aliwahi kunisimulia mara moja tu, kwa sauti ya chini: kwamba Mjomba aliulizia hadi akapajua kwa fundi yule, akaenda jioni na kitu kimefungwa kwenye gazeti, akawakuta watoto wamekaa mkekani wanakula, mmoja akanyanyuka akamwambia shikamoo, karibu chakula. Akaketi, akala matonge mawili, akarudi. Aliyemwibia hajajulikana hadi leo.

Nilikuwa nimesahau habari hiyo. Nilikumbuka pale nilipomwona anaitazama ile picha niliyoisimamisha, kiboksi chekundu kimejaa kioo kizima, na uso wake umebadilika. Nilikuwa nimejiandaa kupongezwa kwa kujua.

"Kwa hiyo binti alinyamaza," akasema.

"Alinyamaza, Mjomba. Hadi mwisho."

Akavaa miwani yake. "Basi na mimi ungeniachia," akasema, akainuka kwenda kutawadha.